Fimbo ya kuvulia iliyozama chini ya barafu huopolewaje?

Wengi wetu hapa Mbeya tumetumiwa ile video fupi kwenye magrupu ya WhatsApp. Mzungu kakaa juu ya ndoo katikati ya uwanda mweupe, kashika fimbo fupi ya kuvulia juu ya tundu lenye upana wa sahani. Ghafla fimbo inamchomoka mkononi na kuzama tunduni. Anainama, anachungulia, anateremsha kamba, na baada ya muda anaiopoa fimbo yake, samaki akiwa bado kwenye ndoana.

Maswali yaliyofuata ni mengi, na majibu niliyoyasikia kuanzia Mwanjelwa hadi Uyole ni ya kila namna. Kuna wanaosema video imetengenezwa, kwa sababu ziwa lililoganda haliwezi kuwa na maji chini. Wengine wanasema ile kamba ina sumaku inayovuta kila kitu. Wapo pia wanaoamini kwamba chini ya barafu maji hukimbia kama mto, kwa hiyo kilichozama hakipatikani tena. Yote matatu si kweli, na ukweli wenyewe unatufaa hata sisi ambao hatujawahi kukanyaga ziwa lililoganda.

Tuanze na uvuvi wenyewe. Uvuvi wa barafuni ni kuvua kwa kupitisha mshipi, yaani uzi wa ndoana, kwenye tundu lililotobolewa juu ya ziwa ambalo uso wake umeganda. Hufanyika sana Kanada, Ufini, Urusi na majimbo ya kaskazini ya Marekani kama Minnesota na Wisconsin. Mvuvi hahitaji mtumbwi; anatembea juu ya ziwa kwa miguu yake. Anatoboa barafu kwa keekee kubwa ya kuzungusha kwa mkono, au ya petroli au betri, na matundu mengi huwa na upana wa sentimita 15 hadi 25. Ana mtaimbo wa kugongea barafu mbele yake ili ajue kama ni imara, na upawa wenye matundu wa kuchotea vipande vya barafu vinavyoelea. Fimbo yake ni fupi, mara nyingi haifiki mita moja, kwa kuwa anakaa karibu kabisa na tundu. Wengine hutega pia mitego yenye kibendera: mtego unaachwa juu ya tundu, samaki akivuta mshipi kibendera kinasimama, na mwenye nao anakuja mbio.

Vifaa vyote hivyo huweza kuzama. Fimbo huvutwa na samaki wakati mwenyewe anamimina chai. Mtaimbo huteleza kwenye glavu zenye barafu pale unapotoboka upande wa pili kwa nguvu ambayo mtu hakuitarajia. Visu, koleo, funguo za gari na simu huponyoka kwenye vidole vilivyokufa ganzi.

Kwa nini chini kuna maji

Hapa ndipo utata wote ulipo. Vitu vingi vikipoa hujikaza na kuwa vizito zaidi kwa ujazo uleule. Maji nayo hufanya hivyo, lakini mpaka nyuzi 4 za Selsiasi tu. Yakipoa chini ya hapo huanza kutanuka, na yakiganda hutanuka zaidi. Ndiyo maana chupa ya maji iliyosahauliwa kwenye friza hupasuka, na ndiyo maana barafu huelea. Kipande cha barafu kikielea kwenye maji baridi, karibu sehemu tisa kati ya kumi huwa zimezama na moja tu hubaki juu.

Sasa fikiria ziwa zima. Hewa ya baridi inapoza maji ya juu, yanakuwa mazito, yanashuka, na ya chini yanapanda. Mzunguko huo unaendelea mpaka ziwa lote lifike nyuzi 4 hivi. Kuanzia hapo maji ya juu yakipoa zaidi yanakuwa mepesi, hayashuki tena. Yanabaki juu, yanafika sifuri, yanaganda. Barafu hiyo inageuka kuwa kifuniko: inazuia upepo usikoroge maji, na inapunguza kasi ya joto lililobaki chini kutoroka. Kwa hiyo ziwa huganda kuanzia juu, na kama lina kina cha kutosha haligandi mpaka chini hata majira yote ya baridi yapite. Samaki wapo hai huko chini kwenye maji ya nyuzi 4 au pungufu kidogo. Miili yao hufanya kazi polepole, hawahitaji chakula kingi, lakini wanakula. Hawajaganda wakasubiri kuyeyushwa, kama nilivyosikia ikisemwa.

Kuna swali jingine ambalo watu wa Makete na Umalila huliuliza kwa haki kabisa: mbona sisi tuna sakitu, inaunguza viazi Julai, asubuhi ndoo ya nje ina utando wa barafu, lakini maziwa yetu hayagandi? Uwanda wa Kitulo una mwinuko wa karibu mita 2,600, na usiku wa anga wazi ardhi hupoteza joto upesi kwenda juu. Jani ni jembamba, halina akiba ya joto, kwa hiyo linafika sifuri mapema. Ndoo inafuata, na kwa shida. Ziwa ni kitu kingine kabisa. Ili Ziwa Ngosi ligande kule juu Uporoto, lingehitaji kwanza kupozwa lote mpaka nyuzi 4, kisha baridi ya chini ya sifuri ikae usiku na mchana kwa majuma. Kwetu jua la saa tatu asubuhi linarudisha yote yaliyopotea usiku, na mchana wetu una karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Minnesota katikati ya Desemba mchana haufiki urefu wa saa tisa, na jua lenyewe linapita chini sana.

Kilichozama kinakwenda wapi

Chini ya barafu ya ziwa hakuna mawimbi. Upepo hauwezi kuyafikia maji. Mikondo ipo, hasa karibu na mdomo wa mto au kwenye mlangobahari mwembamba kati ya visiwa, lakini sehemu kubwa ya ziwa lililoganda imetulia kuliko ziwa lolote tulilolizoea sisi. Kitu kizito na kilichoshikamana, kama mtaimbo au koleo, huenda chini karibu wima. Kama kina ni mita tano, utakikuta karibu na pale ulipokiachia.

Vitu vyepesi au bapa ndivyo vinavyosumbua. Simu ikidondoka huyumba na kuteleza kando, inaweza kutua mita moja au mbili kutoka chini ya tundu. Na fimbo iliyovutwa na samaki ina safari yake yenyewe, kwa kuwa inakokotwa na kiumbe hai. Hata hivyo fimbo ikilala topeni inakuwa mzigo, na samaki mdogo hachukui muda kuchoka. Samaki mkubwa ndiye anayeweza kuipeleka mbali, na si ajabu mvuvi wa tundu jingine akanasa mshipi wa jirani yake.

Faida kubwa ya mvuvi wa barafuni ni hii: tundu halihami. Anapajua mahali kitu kilipozamia kwa uhakika wa sentimita. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo zito kuliko yote katika habari hii, kuliko sumaku na kuliko kamera. Kuopoa ni kazi ya kujua mahali. Nguvu inakuja baadaye, tena kidogo.

Anayejua kazi hiyo, kitu kikizama, hafanyi haraka ya kuchokoachokoa. Kwanza anapima kina: anateremsha chubwi, yaani kile kizito cha kuzamisha mshipi, mpaka mshipi ulegee, anafunga fundo la alama kwenye usawa wa barafu. Pili anatazama. Kama maji ni maangavu na kina ni cha mita chache, anajifunika blanketi au koti kichwani juu ya tundu ili mwanga wa nje usimwakie usoni, anasubiri macho yazoee, na mara nyingi anaona chini vizuri. Siku hizi wengi wana kamera ndogo za majini zenye waya na kioo, ambazo awali zilinunuliwa kutazamia samaki. Anaiteremsha, anaizungusha taratibu bila kugusa chini. Tope likitibuka kwenye maji yaliyotulia hivyo, huchukua muda mrefu kutua, na anayeanza kwa papara hujipofusha mwenyewe.

Baada ya kuona, ndipo anachagua chombo, na hapa wenzetu wa vijijini wana uzoefu kuliko wanavyodhani. Aliyewahi kuopoa ndoo iliyokatika kamba kisimani, kule Usangu au kwingineko, anaijua kazi yote: unatengeneza kulabu ya vyuma vilivyopindwa vyenye meno pande zote, unaifunga kamba, unaishusha mpaka chini, unaivuta polepole na kusikiliza kwa vidole. Huoni, unahisi. Ukihisi uzito, hukurupuki. Unanyoosha kamba kidogo kidogo mpaka ujue kama umeshika mkono wa ndoo au umekwaruza ukuta. Tofauti ni mbili tu: kisima kina kuta zinazozuia ndoo isiende mbali, na mdomo wa kisima ni mpana. Tundu la barafuni ni jembamba, na pembeni mwake hakuna ukuta, kuna ziwa zima.

Wembamba huo una hesabu yake. Tuseme tundu lina upana wa sentimita 20 na barafu ina unene wa sentimita 50. Kamba peke yake huning'inia wima, kwa hiyo haifiki pembeni. Mti mrefu mgumu wenye kulabu mwishoni unaweza kulazwa kidogo, lakini barafu yenyewe inauzuia: kwa kila mita moja chini ya barafu, unapata kama sentimita 40 tu za kwenda kando. Kwenye kina cha mita tatu unafika mita moja na ushee. Kitu kikiwa mbali zaidi ya hapo, usipoteze muda na tundu la kwanza. Toboa jingine. Wavuvi wazoefu hutoboa matundu matatu au manne kulizunguka la kwanza, wanateremsha kamera kwenye kila moja, na wakishakiona kitu wanatoboa tundu la mwisho juu yake moja kwa moja. Kutoboa kwa keekee ya betri ni kazi ya dakika moja au pungufu, na ni nafuu kuliko saa nzima ya kukwangua tope.

Kwa fimbo iliyokwenda na samaki kuna ujanja ambao naupenda sana: usiitafute fimbo, tafuta mshipi. Fimbo ina urefu usiofika mita, lakini mshipi wake huenda umetapakaa mita kumi au ishirini. Wanachukua ndoana zenye meno matatu, wanazifunga na chubwi, wanazikokota juu kidogo tu ya tope kutoka tundu moja kuelekea jingine. Zikishika mshipi, unavutwa kwa mikono bila pupa. Ukiwahi upande wa fimbo, fimbo inakuja. Ukiwahi upande wa ndoana, huenda akatangulia samaki, na ndicho kilichotokea kwa mtu wa kwenye video. Hakuna uchawi wala uhariri.

Kupitisha kamba chini ya barafu toka tundu hadi tundu nako ni utaalamu wa zamani. Wavuvi wa nyavu wa Kanada hutumia ubao maalumu unaoelea na kujibana chini ya barafu. Ukivuta kamba yake, mkono wa chuma unakwaruza barafu kwa chini na ubao unatambaa mbele, ukiburuta kamba. Kabla ya hapo walisukuma mti mrefu kutoka tundu hadi tundu. Kamba ikishapita, hufungiwa ndoana kadhaa na kusafisha mkanda mzima wa sakafu ya ziwa.

Sumaku inavuta nini, na haivuti nini

Sumaku zinazotumika ni zile za neodimiamu, aina iliyopatikana miaka ya 1980 na yenye nguvu kubwa ajabu kwa udogo wake. Yenye ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai inaweza kubeba makumi ya kilo ikiwa imegusana sawasawa na chuma kinene. Sharti ni hilo la kugusana. Nguvu ya sumaku hushuka vibaya sana umbali ukiongezeka. Sentimita chache za tope zinatosha kuifanya ishindwe. Wanaofikiri sumaku inaning'inizwa juu na kitu kinairukia kutoka mita mbili wamedanganywa na katuni.

Halafu kuna suala la vitu vyenyewe. Mtaimbo, koleo, visu vingi na makali ya keekee ni chuma, vinashika. Fimbo nyingi ni za nyuzi za kaboni au za kioo, na vigurudumu vya kuzungushia mshipi mara nyingi ni alumini na plastiki: havishiki. Funguo za shaba nyeupe au ya njano hazishiki, ila pete ya chuma iliyozibeba inaweza kukuokoa. Hata chuma kisichoshika kutu hutofautiana, kingine kinavutwa na kingine hakivutwi kabisa. Simu ina visumaku vidogo kwenye spika, lakini mwili wake ni kioo na alumini, kwa hiyo usiitegemee sumaku. Kinachofaa ni wavu mdogo wenye mpini mrefu na kamera ya kukuongoza. Anayetaka kujua kama vifaa vyake vitashika, avijaribu nyumbani kwa sumaku yoyote kabla havijazama. Na sumaku hizi si za kuchezea: mbili zikikutana na kidole katikati zinaweza kukivunja, na mwenye kifaa cha umeme cha kurekebisha mapigo ya moyo akae nazo mbali.

Kwa kuwa nimeitaja simu, niseme na hili. Simu nyingi zinazotangazwa kustahimili maji hupimwa kwa dakika 30 kwenye kina cha mita moja na nusu au zaidi kidogo. Kina cha mita kumi ni habari nyingine, maana shinikizo linakuwa mara mbili ya lile la juu. Ikiopolewa, isiwashwe wala isichajiwe. Ifutwe, ilazwe penye hewa kavu, ipelekwe kwa fundi. Kuifukia kwenye mchele, hata uwe wa Kyela, hakuinyonyi maji kama watu wanavyoamini, na vumbi la mchele huziba matundu yake.

Asiyepaswa kuingia majini

Kwenye mazungumzo yetu nimesikia vijana wakisema wangejitosa tu. Tafadhali. Maji ya nyuzi moja au mbili hayafanani na mto Kiwira wa asubuhi, hata kama Kiwira ni baridi. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyetumia miaka mingi kuchunguza mwili wa binadamu kwenye baridi, hufundisha kwa namba tatu: moja, kumi, moja. Dakika moja ya kwanza pumzi inakwenda ovyo bila kutii, na ukiwa chini ya maji wakati huo utayavuta mapafuni. Dakika kumi hivi zinazofuata mikono na miguu inazidi kukataa amri. Saa moja hivi ndiyo inayobaki kabla ya kupoteza fahamu, kwa aliyebaki anaelea. Anayepiga mbizi chini ya barafu ana tatizo la ziada: njia ya kutokea ni moja, nyembamba, na akiiacha kwa mita tatu huenda asiione tena.

Barafu yenyewe pia haiaminiki kwa kuitazama. Idara ya maliasili ya Minnesota hushauri barafu mpya, angavu, ya unene wa sentimita 10 hivi kwa mtu anayetembea, na nene zaidi sana kwa gari. Barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ina kama nusu ya nguvu hiyo. Na yule anayetoboa matundu mengi ya kutafutia kifaa anapaswa kuyaachia nafasi na kuyawekea alama, maana usiku yanaganda utando mwembamba na mtoto au mbwa huyakanyaga bila kujua.

Sisi wa Nyasa na Masoko

Mvuvi wa Matema akiangusha kitu ana hali ngumu kuliko yule wa Minnesota. Mtumbwi unasogea. Wakati ameinama kutazama, upepo umeshamhamisha, na mwera ukivuma kwa nguvu hata kukaa penyewe ni kazi. Tena Ziwa Nyasa lina kina kinachozidi mita 700 kwenye sehemu zake za chini kabisa, na pale Milima ya Livingstone inapoteremka moja kwa moja majini, hatua chache kutoka ufukoni sakafu inakuwa imepotea. Kwenye kina cha namna hiyo, kulabu na sumaku ni kujichosha.

Lakini karibu na ufuko, kwenye mita tano au kumi, yaliyosemwa juu yanafanya kazi, mradi mahali pasipotee. Kitu kikidondoka, jambo la kwanza ni kutupa boya papo hapo: dumu tupu la lita tano, kamba na jiwe, ambavyo vilipaswa kuwa vimeshafungwa tayari ndani ya mtumbwi. Usipokuwa navyo, tazama nchi kavu. Tafuta vitu viwili visivyohama vilivyopangana, kwa mfano mti mmoja mbele ya kilele kimoja, kisha vingine viwili upande mwingine. Mistari hiyo miwili inakutana pale ulipo, na kesho utaweza kurudi. Asubuhi kabla upepo haujaamka ndiyo saa yake, maji yakiwa yametulia na tope likiwa limetua.

Ziwa Masoko kule Rungwe, ambalo wengine huliita Kisiba, linaonyesha jinsi mahali panavyoweza kushinda muda. Ni ziwa dogo lililozungukwa na kingo za kreta, kina chake hakifiki mita 40, na hakuna mto mkubwa wa kulikoroga. Watu wamekuwa wakiibua humo sarafu kuukuu za Kijerumani, ambazo masimulizi ya pale yanasema zilitupwa na Wajerumani walipokuwa wakikimbia katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Sarafu iliyotua kwenye maji yaliyotulia imekaa hapo kizazi baada ya kizazi.

Kwa wavuvi wetu kuna kifaa kimoja ninachotamani kiigwe kuanzia sasa, nacho hakihitaji barafu. Huko kaskazini wengi hufunga fimbo kwa kamba fupi kwenye ndoo wanayokalia, na mtaimbo wao una kitanzi cha kuvaa mkononi. Panga, kisu, tochi na simu ndani ya mtumbwi vinaweza kufungwa hivyohivyo, kwa nusu mita ya kamba ya nailoni. Kwa vile ambavyo haviwezi kufungwa, kipande cha sponji ngumu au chupa ndogo ya plastiki iliyozibwa vizuri na kufungwa kwenye mpini hukifanya kielee. Kwanza kijaribu kwenye beseni: kikizama, ongeza chupa.